Sinia la Saa Saba

Mimi ni mwajiri mwema. Mji wa Kale wote unalijua hilo, kwa sababu nimewaambia. Nina karakana ya achari chini ya nyumba aliyotuachia baba, upande wa Kibokoni, na kwa miaka kumi na tatu sijamfukuza mtu kazi, sijachelewesha mshahara, wala sijamwita mtu mzima kwa kumpigia mluzi. Wafanyakazi wangu ni sita, wote wanawake. Akiumwa mmoja, nampeleka hospitali mimi mwenyewe, na njiani namweleza alichokosea kula. Mwenye kuniona na ubaya aje anionyeshe. Ila aje baada ya alasiri, maana kabla ya hapo huwa nimeshughulika na wema.

Basi mwaka juzi wanunuzi wetu wa ng'ambo, wale wanaotaka achari iwe kali na aliyeitengeneza awe na raha, wakaniletea fomu. Ilikuwa na maswali mengi ya heshima. Je, pana choo? Kipo. Je, yupo mtoto anayefanya kazi? Hayupo. Je, wafanyakazi wako huru kuunda chama cha kutetea haki zao? Nikatia alama kwenye ndiyo. Je, mwajiri anawaunga mkono? Nikatia alama nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Chini yake palikuwa na nafasi ya maelezo, nikaandika: "Sana."

Chama chenyewe hakikuwapo. Hakuna hata aliyekuwa amekitaja. Lakini mtu akikuuliza kama unapenda wageni, husemi la, hata kama mlangoni hapajabishwa hodi. Nikaituma fomu nikaenda kuonja pilipili.

Ili uelewe yaliyofuata, sharti nikueleze tulivyokuwa tukila. Kila siku saa saba, wenye kuswali wakishaswali, hutandikwa mkeka katikati ya karakana na kuwekwa sinia moja. Siku za kawaida ni wali na samaki wa kupaka au maharagwe ya nazi, Ijumaa ni biriani. Tulilizunguka sote saba, mwenye mali na wasio na mali, Waislamu na yule mwenye kubandika lebo, ambaye ni Mkristo wa kutoka Rabai na ulimi wake una pilipili kuliko bidhaa zangu. Nilikuwa nikijisifu kwa sinia hilo kila nilipokwenda. Wenye biashara wenzangu niliwaambia: nyinyi mwajifungia ofisini na sahani zenu, mimi nala na watu wangu, mkono wangu na mikono yao.

Na kwetu sinia lina adabu zake. Mkubwa ndiye anayeanza. Mkubwa ndiye anayegawa kitoweo. Na hanyanyuki mtu kwenda kunawa kabla mkubwa hajanawa. Ukimwacha mkubwa na mkono wenye wali ukaenda zako, umemwambia kuwa chakula chake kibaya, au kuwa yeye ndiye mbaya. Kwa umri nilikuwa nimezidiwa miaka mitatu na mkata maembe wangu, lakini nyumba yangu na chakula changu, kwa hivyo ukubwa uliniangukia mimi. Nami nilikuwa nala polepole, kwa sababu nilikuwa na mengi ya kusimulia. Habari za baba nilizianzia Ngome ya Yesu na kuzimaliza Pwani nzima. Saa nane ikigonga, tunanawa, tunarudi kazini. Nikaona hayo ndiyo mapumziko yao.

Huyo mkata maembe ndiye nguzo ya karakana. Maembe mabichi anayakata kwa kisu kifupi kilichokwisha kwa kunolewa, na vipande vyake vyote vinalingana. Mumewe, seremala wa milango, alipata kiharusi akalala upande mmoja, na nyumba yao iko mitaa miwili tu kutoka kwangu, mwendo wa dakika saba kwa mwanamke aliyevaa buibui na asiyekutana na mtu wa kumsalimu. Mzee alikuwa mgumu wa kula. Mchana alikubali kulishwa na mtu mmoja tu badala ya mkewe, binti wa jirani aliyekulia miguuni pake, na binti huyo alikuwa aolewe mwisho wa mwezi na kuhamia Malindi. Akiondoka, mkata maembe ilikuwa lazima aende kumlisha mumewe kila mchana, au aache kazi. Saa ya kwenda ilikuwa moja tu, na hiyo nilikuwa nimeikalia mimi, mkekani, nikisimulia.

Haya sikuyajua wakati ule. Nakuambia wewe mapema ili unicheke mahali panapostahili.

Wanunuzi wakajibu. Walifurahi mno kusikia habari za chama, na kabla ya mwezi kwisha wangependa kuzungumza kwa simu ya video na katibu wake, bila mimi kuwapo. Niliisoma barua pepe hiyo mara tatu. Kusema uongo sikukusudia, nilikuwa nimetanguliza ukweli tu. Kilichobaki ni kuufikia.

Nikaunda chama siku hiyo hiyo, kati ya samaki na tunda. Nikawatangazia kuwa kuanzia leo wana haki zao. Mkata maembe nikamfanya mwenyekiti kwa umri wake, wa lebo nikamfanya katibu kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Katiba niliiandika mwenyewe nyuma ya kalenda, ina vifungu vinne: wanachama wapendane, wanachama wasisengenyane, ghala liwe safi, na mlezi wa chama aheshimiwe. Mlezi nilikuwa mimi. Hilo sikuliona kosa hata kidogo. Mombasa hakuna kamati isiyo na mlezi. Kamati ya harusi ina mlezi, ya madrasa ina mlezi, hata ile timu ya mpira ya mtaani kwetu isiyojua kufunga goli ina walezi wawili. Nikauliza kama kuna mwenye neno. Wote walikuwa wakitafuna. Nikachukulia kuwa tumekubaliana.

Wa lebo ndiye aliyemeza kwanza. Akasema kanisani kwao, katika kwaya, yuko mtu anayefanya kazi bandarini na ambaye ni afisa wa chama cha wafanyakazi, na ingefaa aje atuelekeze, maana katiba huwa na mambo mengine zaidi ya kupendana. Nikasema aje, karibu sana, nitapika.

Alikuja Alhamisi. Mtu wa bara, mrefu, shati limepigwa pasi, na vichochoro vyetu havijui. Akauliza njia kwa watembeza wageni pale ngomeni, wao wakampeleka kwa wauza vinyago, wauza vinyago wakamwelekeza kwenye baraza ya kwanza, na kila alipouliza aliulizwa anakokwenda na kwa shughuli gani, naye kwa ukweli wake wa kikwaya akajibu. Hajafika mlangoni, jirani alishanipigia simu kuniuliza kama watu wangu wamegoma na kama nahitaji kuletewa chakula.

Afisa alikula vizuri, hilo namsifu. Kisha akaisoma kalenda yangu mpaka mwisho na kuuliza mlezi ni nani. Nikamwambia yuko mbele yake. Akaiweka kalenda chini taratibu na kunieleza kwamba mwajiri haundi chama cha wafanyakazi wake, hakiongozi, haketi mkutanoni. Kazi ya mwajiri ni kukiacha kiwepo na kuzungumza nacho kikimjia.

Niliudhika. Nikamwambia huko bandarini huenda watu ni maadui na mabosi wao, lakini hapa sisi ni familia, na sinia lililo mbele yake ndilo shahidi.

"Sawa mama," akasema. "Na kwa familia, nani huambia mama hapana?"

Nilimjibu kuwa hakuna, kwa sababu haijapata kuwa na haja. Alitikisa kichwa kwa adabu na kuomba maji ya kunawa, kumbe alikuwa akinisubiri mimi ninawe kwanza, wanawake walikuwa wamemfunza kwa macho.

Baada ya hapo wakaniambia watakutana Jumamosi baada ya kazi, kule ufukweni Mama Ngina, pamoja na afisa. Nikawauliza kwa nini waende kupigwa na upepo wakati karakana ipo na mkeka upo. Wa lebo akasema upepo unasaidia kufikiri. Nikawaacha waende. Nikapanda juu. Nikakaa. Nikasikiliza saa ya ukutani. Mkutano wa watu wazima wasio na kitu cha kutia kinywani, nikajiambia, ni kuwaadhibu, na mimi mwajiri mwema nitaruhusuje? Nikakaanga kaimati, nikatia shira, nikajaza chupa ya chai ya tangawizi, nikachukua tuktuk.

Niliwakuta wamekaa kwenye ukuta unaotazama bahari, kila mmoja na karatasi yake ya mihogo ya kukaanga, vichwa vimekaribiana, na wa lebo ananyoosha kidole akisema jambo kwa ukali. Waliponiona kidole kikashuka. Salamu zikaanza: za nitokako, za nyumbani, za tangu mchana tulipoachana. Mkata maembe akasogea, na wote wakasogea, nikajikuta nimepishwa katikati kabisa. Afisa alitazama maji.

"Endeleeni, endeleeni," nikawaambia. "Mimi sipo."

Wakaendelea. Waliendelea kusema kuwa mihogo ya leo imekaangwa vizuri. Wakasema watu ni wengi kuliko Jumamosi iliyopita. Mmoja akasifu kaimati zangu, mwingine akamuunga mkono, na hapo nikaona umuhimu wa umoja. Nikawasimulia jinsi baba alivyonileta hapo nikiwa mdogo. Simulizi hiyo ni ndefu. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi, na mkata maembe alinimiminia chai mara tatu bila kuniambia kuwa siku sita tu zilibaki kabla ya harusi ya yule binti. Nikarudi nyumbani nimefurahi kabisa. Chama changu kilikuwa na amani ya ajabu, hakuna hata mmoja aliyembishia mwenziwe.

Jumatatu wa lebo akaja mezani kwangu. Hakuketi.

"Mama, juzi hatukufanya mkutano," akasema.

"Mbona nilikuwepo?"

"Ndiyo sababu."

Akanieleza, kwa upole ambao sikuwa nimemzoea nao, kwamba wao hawajui kumwambia mtu mzima aliyewaletea chakula aondoke. Hawakulelewa hivyo. Basi nikiwa kweli nataka kuwasaidia kama nilivyoandika kwenye fomu, msaada uliobaki ni mmoja, nao ni kutokuja. Jumanne wakimaliza kazi wangeomba wabaki karakanani saa moja, na mimi nibaki juu.

Niliumia. Nasema wazi, niliumia kama mtu aliyetolewa nje ya harusi ya mwanawe, na juu ya kuumia nilikasirika. Usiku mzima nilikuwa nikiandika kichwani barua ya kuwaambia wanunuzi kuwa chama kimevunjika kwa kukosa shukrani. Asubuhi nilipoamka nikakumbuka lile neno "Sana" nililoliandika kwa mkono wangu, na mimi si mtu wa kurudi nyuma kwenye maandishi. Nikasema haya, kutaneni.

Jumanne nikabaki juu. Sikuahidi kuwa sitasikiliza. Nyumba ile ni ya boriti na chokaa, na kuna pembe moja karibu na ngazi ambapo ukiinama unasikia hata mtu akihesabu vifuniko vya chupa. Nikapeleka mto pale, nikainama. Wakasalimiana, wakaketi, mtu akakohoa, na mara ile mashine ya kusagia viungo ikawashwa. Ilinguruma saa nzima, na hapakuwa na kiungo hata kimoja ndani yake. Miaka kumi na tatu walifanya kazi chini ya pembe ile, kumbe walikuwa wakijua sikio langu linakaa wapi.

Kesho yake, Jumatano, wakanijia wote sita na karatasi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua watataka nyongeza ya mshahara, na nilikuwa na hotuba yangu tayari, ambayo ningeanza kwa kukataa kwa huzuni na kumaliza kwa kukubali kwa ukarimu, nao wangetoka machozi yakiwalenga. Nikavaa miwani. Katika karatasi hapakuwa na mshahara. Kifungu cha mlezi kilikuwa kimefutwa, sawa, hilo nililitarajia. Kisha palikuwa na ombi moja tu: kwamba saa saba mpaka saa nane ni saa ya mfanyakazi mwenyewe, ale anapotaka na anayetaka kula naye, na iandikwe kwenye mkataba wa kazi.

Nililisoma tena. Nikaivua miwani.

"Yaani hamtaki kula nami?"

Wa lebo, ambaye kwa kawaida hana haja ya kuulizwa mara mbili, alitazama mlango. Mkata maembe alikuwa akiangalia vidole vyake vilivyoingia rangi ya manjano.

"Mamangu," akasema, "wewe wala polepole."

Hakuna mtu aliyecheka. Hata mimi sikuona cha kuchekesha.

"Wala polepole, na mimi siwezi kunawa kabla yako. Ndivyo nlivyolelewa, nawe ndivyo ulivyolelewa. Na mzee wangu hali chakula kwa mkono wa mtu mwengine, isipokuwa yule mtoto wa jirani, na Ijumaa yuwaolewa, aenda zake Malindi. Nisipokuwa na saa hii, kazi ntaiwacha."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Sauti yangu ilipanda, na nilikuwa nimekusudia ishuke. Nikamwambia angesema neno moja tu, ningempa ruhusa siku hiyo hiyo, kila mchana, mpaka mzee apone.

"Najua, ungenipa. Na mimi ningekushukuru kila siku saa saba, mpaka nife." Akaniinulia macho. "Ruhusa siitaki, mamangu. Nataka iwe yangu."

Nilinyamaza, jambo ambalo wangeweza kuliandika kwenye katiba yao kama ushindi wa kwanza. Nilikuwa nikijiuliza ni siku ngapi mwanamke huyu amekaa mkekani akitafuna tonge moja kwa dakika tano, huku akiniitikia "ehe, kisha ikawaje," na moyo wake uko mitaa miwili mbele kwenye kinywa cha mumewe. Wema wangu wote ulikuwa mkononi mwangu. Nikiamka vizuri, upo. Nikiamka na kichwa, au nikifa na mahali pangu akapashika mpwa wangu asiyejua jina la mtu, wangekuwa wamebaki na nini? Na mimi nilikuwa nimeusifu mpaka kwa watu wa ng'ambo.

Nikatia sahihi. Sikutia kwa ukarimu, nisije nikakudanganya sasa tumefika mwisho. Nilitia kwa hasira, nikaikandamiza kalamu mpaka ikapasua karatasi kidogo, na wa lebo akanishukuru, akaomba nitie nyingine mahali pasipopasuka.

Alhamisi wanunuzi wakapiga simu yao ya video. Mimi nilibaki juu, na safari hii sikupeleka mto pembeni. Baadaye wa lebo alinisimulia bila kuulizwa, kwa sababu kuna mambo hata katibu hawezi kuyazuia. Walimwuliza kama ni kweli kuwa mwajiri aliunga mkono chama chao. Aliwajibu kuwa aliunga mkono mpaka ikabidi wamwombe apunguze.

Ijumaa yule binti akaolewa. Nilikwenda harusini, nikakaa nyuma, nikawa mtu wa kwanza kuaga, na watu wakaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, zilipobaki dakika chache kufika saa saba, nilitandika mkeka kwa mazoea na kuweka sinia. Wali wa nazi na samaki changu wa kupaka, wa kutosha watu saba. Saa ilipogonga, mkata maembe akakifuta kisu chake, akakilaza juu ya ubao, akanawa. Nilimwona akinawa kabla yangu. Alivaa buibui, akachukua bakuli lake lililofunikwa, akasimama mbele yangu kidogo.

"Haya mamangu, nakuja," akasema, na viatu vyake vikasikika kichochoroni vikienda haraka.

Wa lebo alikuwa ameshakaa kwenye ngazi na simu yake. Wawili walikwenda barazani kwa jirani. Waliobaki walijilaza ghalani, na mmoja wao alianza kukoroma kabla sijasema bismillahi. Nikala. Hapakuwa na wa kumgawia kitoweo, nikajigawia. Nilipofika pale ambapo huwa naanzia habari za baba, nikaangalia huku na huku, nikatia tonge jingine. Nilikula mpaka nikashiba, nikainuka, nikanawa, nikatazama saa ya ukutani.

Ilikuwa saa saba na dakika kumi na moja.